Folda ya Mengineyo

Chumba changu kiko chini ya ngazi za maktaba, hapa Dundee.
Hakina dirisha. Kina bomba la joto linalogugumia
na kompyuta ambayo feni yake hutweta kama mzee aliyepanda mlima.
Programu ni ya bure: ina mkasi, ina kipimo cha sauti,
ina kitufe cha kurudi nyuma, ambacho kwingine maishani sijakiona.

Kazi yenyewe ni hii: wahadhiri wanasema, nami nakata.
Nakata kikohozi. Nakata “ngojeni, slaidi hii siyo.”
Nakata Daktari Baird akiitafuta miwani iliyo kichwani mwake.
Nakata king'ora cha moto cha Oktoba,
na shakwe aliyetua dirishani akaitukana jiolojia yote
kwa lafudhi ambayo hata wenyeji hawaifasiri.

Kwenye skrini sauti huwa milima na mabonde.
Neno ni mlima. Ukimya ni uzi ulionyooshwa.
Huna haja ya kusikiliza, unaona uzi,
unaweka mkasi huku, mkasi kule,
unafuta, unasogeza, unaunga,
na mwanafunzi hajui kwamba hapo palikuwa na mtu akipumua.

Profesa Elspeth Geddes anafundisha mito.
Wiki ya kwanza alinipa kazi ndogo,
sekunde mbili, tatu, za mtu anayemeza mate.
Wiki ya nne akasema, “Maji yakipungua kasi, huacha chini...”
asiseme huacha nini.
Uzi ukaenda. Ukaenda. Sekunde kumi na moja.
Mkono wake hewani, vidole vikisuguana
kama mnunuzi anayekagua unga,
mpaka akapiga meza: “Mashapo!”
Akacheka. Darasa likacheka.
Nikakata.
*Maji yakipungua kasi, huacha chini mashapo.*
Sentensi laini, haina mshono.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema.
Mimi nalipwa kwa saa ili mshindo usisikike.

Lakini vile vipande sikuvitupa, sijui kwa nini.
Niliviweka kwenye folda niliyoiita Mengineyo,
kati ya risiti za basi na barua ya mwenye nyumba.
Novemba, saa kumi tu ya alasiri na giza limekwisha kufunga duka,
nikaviunga vyote, nikavitazama bila sauti
(ni ukimya, nisikilize nini?):
dakika nne na sekunde arobaini
za Profesa akitazama dari,
akitazama Mto Tay kupitia kioo,
akitazama kamera, yaani mimi.
Shangazi yangu Mwanjaa, Lushoto, alianza na kijiko.
“Nipe kile... kile cha kinywa.”
Tulicheka sisi pia.

Ijumaa ikaja barua pepe.
“Ndugu Shekue, asante.
Kwenye video zako nafanana na mimi wa zamani.
Mume wangu alizitazama, akasema sina tatizo lolote.
Daktari naye anataka kuniona nilivyo.
Je, ulivyovikata, unavyo bado?”

Nilivyo navyo.
Nikavaa visikilizio kabla ya kutuma,
kwa adabu tu, kama mtu anayepangusa sahani kabla ya kuirudisha kwa jirani.
Wiki ya nne. Bomba la joto la ukumbini. Kiti.
Sekunde ya sita, safu ya nyuma, sauti changa,
ya chini, kama mtu anayemwibia mwenzake jibu la mtihani:
“Mashapo, Profesa.”
Sekunde ya nane, mwingine. Ya tisa, wawili pamoja.
Mashapo. Mashapo.
Hakuwasikia.

Nikaivuta picha ya sauti karibu, karibu zaidi.
Uzi haukuwa umenyooka.
Ulikuwa na vinundu vidogo vidogo,
changarawe chini ya maji,
nami wiki zote hizo nilikuwa nakata kwa macho.